Ridhaa ya Mlevi

Waliopigania bangi ihalalishwe Amerika Kaskazini walikuwa na hoja nyingi. Walitaka magenge yanyimwe soko, serikali ipate kodi, na polisi waache kujaza mahabusu kwa kosa la msokoto mmoja. Lakini hoja iliyobeba uzito wa kimaadili ni moja: mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kujiamulia anachoingiza mwilini mwake. Colorado iliikubali kwa kura mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Canada ilihalalisha kwa nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Katika jimbo la Ontario, anayetaka kufanya kazi nyuma ya kaunta ya duka la bangi lazima afaulu kozi iliyoidhinishwa na mamlaka ya leseni, na miongoni mwa anayofundishwa ni kumkatalia mteja aliyekwisha kulewa. Wengi huliona somo hilo kuwa kanuni ndogo ya usalama, jirani ya kanuni za kufunga milango na kuhesabu fedha. Mimi naliona ndilo linaloamua kama biashara yenyewe ina haki ya kuwepo. Ikiwa uhalali wa kuuza bangi unatokana na ridhaa ya mnunuzi, basi ridhaa inapokosekana uhalali nao umekwisha, hata kama kitambulisho kinaonyesha umri unaotakiwa na fedha zimeshawekwa mezani.

Swali la ridhaa ya mlevi ni la kale, na waliolichambua kwa makini zaidi ni watu ambao wasingekubali duka la namna hii lifunguliwe hata kwa siku moja. Mafakihi wa Kiislamu waliweka akili kuwa sharti la mauziano, kisha wakatofautiana kuhusu aliyelewa. Baadhi walishikilia kwamba aliyejilewesha kwa hiari anafungwa na maneno yake. Wengine, Ibn Taymiyya akiwa mmoja wao katika suala la talaka, walisema neno lililotoka bila ufahamu halimfungi mtu. Ukitazama vizuri utaona kwamba hata kundi la kwanza halikudai kuwa mlevi ameridhia. Walimfunga ili kumwadhibu, asije akanufaika na dhambi yake mwenyewe. Aristotle naye anaitaja sheria iliyokuwa ikimpa mhalifu mlevi adhabu maradufu, kwa kuwa kulewa kulikuwa mikononi mwake. Hoja hizi zote ni za hakimu anayemtazama mlevi baada ya tendo. Hakuna hata moja inayompa mtu wa pili ruhusa ya kuutumia ulevi wa mwenzake ili kujipatia faida. Kosa la kulewa liandikwe katika hesabu ya aliyelewa. Kosa la kumuuzia mtu ambaye huoni kama anajua anachonunua linakwenda katika hesabu nyingine kabisa, na muuzaji hawezi kulifuta kwa kunyoosha kidole upande wa pili wa kaunta.

Katika Sura ya An-Nisaa mna mambo mawili yanayofaa kuzingatiwa hapa. Aya ya 43, inayowakataza waumini kuikaribia sala wakiwa wamelewa, inatoa kipimo cha kurudiwa na fahamu: mtu awe anajua anachokisema. Ni kipimo cha ufahamu, na hakihitaji mashine wala damu. Aya ya 5 inakataza kuwakabidhi mali wasio na uwezo wa kuisimamia, lakini hapo hapo inaamuru walishwe, wavishwe, na wasemeshwe kwa wema. Kunyima na kusema vizuri vimewekwa katika amri moja. Sijui kama mwandishi yeyote wa vitabu vya mafunzo ya wauza bangi ameisoma aya hiyo, ila naamini ina adabu ya kukataa ambayo kozi nyingi hujaribu kuieleza kwa kurasa kadhaa.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa watetezi wa uhuru. Wanauliza: nani amempa kijana wa dukani mamlaka ya kumlea mtu mzima? Leo amemkatalia aliyelewa, kesho atamkatalia aliyekonda, mwenye huzuni, au mwenye madeni. Nadhani John Stuart Mill, ambaye wanapenda kumtaja, anawajibu kabla yangu. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru anatoa mfano wa mtu anayeelekea kwenye daraja bovu bila kujua kuwa ni bovu. Kumkamata na kumrudisha nyuma si kumnyima uhuru, kwa sababu uhuru ni kufanya unachokitaka, naye hataki kutumbukia mtoni. Mill huyo huyo, aliyepinga vikali sheria za kupiga marufuku pombe, alikiri kwamba wauzaji wa vileo wana maslahi katika ulevi wa wateja wao, na kwamba kwa sababu hiyo ni haki kuwawekea masharti. Mwenye huzuni na mwenye madeni bado wanajua wanachokifanya, na duka halina neno nao. Aliyelewa anatofautiana nao kwa jambo moja: uwezo wa kuchagua, ule ambao uhuru unaulinda, ndio uliomtoka kwa muda. Anayemkatalia hajaweka matakwa yake mahali pa matakwa ya mteja. Anayasubiri matakwa ya mteja yarudi, na duka litafunguliwa tena kesho asubuhi.

Plato aliliona jambo hili kutoka upande wa deni, pengine kwa ukali zaidi. Katika kitabu cha kwanza cha *Jamhuri*, Sokrates anauliza: kama rafiki alikuachia silaha akiwa mzima, kisha akarukwa na akili na kuja kuidai, je, haki inataka umrudishie? Silaha ni yake, na ahadi ilikuwepo. Hata hivyo aliyekuwa akizungumza naye alikubali kwamba kumrudishia si haki. Sasa, ikiwa mali ya mtu mwenyewe inaweza kuzuiwa kwa muda kwa ajili yake, bidhaa ambayo bado ni ya duka inazuilika kwa urahisi zaidi.

Bangi ina tabia inayolifanya jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana. Inayovutwa humpanda mtu ndani ya dakika chache. Inayoliwa, kwenye biskuti, keki au peremende, inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili kabla haijajitokeza, kisha ikaendelea kupanda kwa saa kadhaa. Mtu anaweza kujiona mzima kumbe kipimo alichomeza bado kiko njiani. Machi 2014, huko Colorado, kijana wa miaka 19 alikula kipande cha biskuti iliyokuwa na miligramu 65 za THC, kemikali inayolevya. Rafiki yake aliyeinunua alikuwa ameelekezwa dukani waigawe biskuti vipande sita. Baada ya nusu saa hadi saa moja, kijana akaona hajalewa, akamaliza iliyobaki. Saa chache baadaye alijirusha kutoka ghorofa ya nne, akafa. Kuanzia Februari 2015 jimbo likataka bidhaa hizo zigawanywe kwa vipimo visivyozidi miligramu 10. Muuzaji yule alikuwa ametoa maelekezo sahihi. Lakini kisa hicho kinaonyesha hukumu gani hupotea kwanza: ile ya kujua kama umetosheka. Anayerudi dukani akiwa tayari na stimu kuomba kali zaidi anakuja na hukumu hiyo hiyo. Na akiwa amekunywa pombe kabla, utafiti umeonyesha kwamba pombe huongeza kiasi cha THC katika damu ya anayevuta.

Wako wanaosema kwamba duka si baa. Mteja anabeba kifurushi kwenda nacho nyumbani, labda ni cha wikiendi, labda ni cha mgeni. Huenda ni kweli. Ila anayeweza kutuhakikishia kwamba hatakitumia njiani ni yule yule ambaye hukumu yake haiko mahali pake. Muuzaji akikosea kwa kukataa, gharama ni safari ya pili. Akikosea kwa kuuza, gharama yaweza kuwa usukani, ngazi, au dirisha. Wanaohofia kwamba mteja ataenda kwa muuzaji wa kichochoroni wanasema jambo linalowezekana. Lakini duka lenye leseni lilipewa leseni kwa ahadi kwamba halitafanana na kichochoro.

Linaloniumiza zaidi ni suala la macho ya muuzaji. Polisi wana vipimo vya damu, na hata hivyo wataalamu wanakubali kwamba kiwango cha THC hakilingani vizuri na kiwango cha kulewa. Kijana wa dukani hana hata hicho. Anaona macho mekundu, na kumbe ni mzio. Anasikia ulimi mzito, na kumbe mteja alipata kiharusi miaka iliyopita, au sukari yake imeshuka na anahitaji daktari. Tena tunazungumzia bara ambako Wamarekani weusi wamekuwa wakikamatwa kwa kosa la kumiliki bangi zaidi ya mara tatu kuliko weupe, ingawa matumizi yao yanakaribiana. Ukimwambia mtu "kataa walevi" kisha ukamwachia hapo, umeupa ubaguzi wake kibali. Ndiyo maana naamini hatari hii inadai mafunzo zaidi, wala haidai tuliache jambo lenyewe. Afundishwe kutotegemea dalili moja, kuuliza swali dogo na kusikiliza jibu, kumsikiliza kila mteja kwa subira ile ile, na kumwita mwenzake kabla ya kuamua. Kipimo cha kujua anachokisema hakipatikani kwa kumtazama mtu kutoka mbali. Lazima uzungumze naye.

Kwa muumini kuna pingamizi lingine, na sitaki kulipita kana kwamba ni dogo. Kama kuuza kilevi ni haramu, au ni ule uovu ambao nabii Habakuki aliutangazia ole, kumlevya jirani, kuna maana gani kupanga adabu ndani ya dhambi? Naelewa. Lakini hata anayeona biashara yote ni kosa anajua kwamba makosa yana ngazi, na kwamba kumwongezea aliyekwisha kupotewa na fahamu ni ngazi ya chini zaidi. Kukiri hilo hakuhalalishi ngazi za juu. Na katika miji ya Canada na Marekani wako Waislamu na Wakristo wanaopita mbele ya maduka haya kila siku. Usalama wa aliye ndani ni haki yao pia ya kuudai, kwani mlevi ni jirani yao.

Je, mafunzo huleta matunda? Yakiwa peke yake, si sana. Watafiti waliwahi kutuma watu waliojifanya wamelewa pombe katika maduka ya bangi ya Colorado na Washington, na sehemu kubwa ya maduka iliwauzia. Stockholm kuna kisa kingine, cha baa. Mwaka 1996 waliojifanya walevi walikataliwa mara 5 tu katika kila 100. Mwaka 1999 ilikuwa mara 47, na mwaka 2001 mara 70, na uhalifu wa kutumia nguvu katika eneo la mradi ukapungua kwa asilimia 29. Huko hawakuwafundisha wahudumu tu. Wenye baa waliingizwa darasani, ukaguzi ukakazwa, na mamlaka za leseni, polisi na wafanyabiashara wakakaa meza moja. Naisoma tofauti hiyo kama jambo la dhamiri. Hata pale mhudumu anapokuwa na hakika kwamba mteja amelewa, hilo halitoshi. Asichokijua ni kama bosi atamtetea mteja akianza kupiga kelele, na kama mauzo yaliyopotea yatakatwa kwenye bakshishi au tathmini yake. Tumemtwika mfanyakazi wa kima cha chini wajibu ambao wanafalsafa waliubishania kwa karne nyingi, kisha tukamwacha apambane nao peke yake saa tatu usiku. Mamlaka inayodai cheti cha muuzaji idai pia maandishi ya mwenye duka, yamebandikwa ukutani, kwamba hakuna atakayepoteza senti wala zamu kwa kumkatalia aliyelewa, na mkaguzi aulize wafanyakazi, mwenye duka akiwa hayupo, kama maandishi hayo yanafuatwa.