Rudi Siku Uliyoandika

Chukua mtungi wa unga wa kuzimia moto uliokaa ukutani miaka mitano bila kufunguliwa. Upindue taratibu na utege sikio kwenye tumbo lake. Ukiwa mzima utasikia unga ukimiminika kama mtama ndani ya kibuyu. Ukiwa umeganda hutasikia kitu, au utasikia kishindo kimoja cha bonge likianguka. Geji yaweza kuwa bado iko kwenye kijani, na rangi bado inang'aa kwa sababu mlinzi huipangusa kila Ijumaa. Lakini siku ya moto mtu atachomoa pini, atabonyeza mkono, hewa itatoka na unga utabaki ndani.

Mtungi wa kwanza wa namna hiyo niliufungua kwenye kinu cha posho kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay. Niliutoa presha yote kwanza, nikafungua kichwa, nikachomeka bisibisi. Ilisimama wima kama mwiko kwenye ugali. Mwenye kinu aliitazama kwa muda mrefu. "Fundi," akaniuliza, "kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikilinda jiwe?"

Ninakuandikia wewe kijana wa Migori, wewe dada wa Homa Bay, mwenye cheti cha chuo cha ufundi na asubuhi ndefu isiyo na kazi. Mitungi mingi iliyogeuka mawe inaning'inia kwenye kuta za nyumbani kwenu, na kila mmoja unamsubiri mtu atakayeufungua. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Hesabu nami. Anzia Isebania mpakani, fuata barabara kuu: vituo vya mafuta, maduka ya gesi, maghala, lojing'i, maduka ya dawa. Fika Awendo kwenye kiwanda cha sukari cha SONY, kisha vile viwanda vidogo vya sukari nguru ambako tanuru linawaka mchana kutwa na makapi makavu ya miwa yamerundikwa hatua chache tu pembeni. Pita Rongo penye chuo kikuu, ingia Homa Bay penye Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kata kwenda Ndhiwa, Mbita, Oyugis, Kendu Bay. Sijataja machimbo ya dhahabu ya Macalder. Sijataja shule, na shule za bweni katika kaunti hizi mbili hazihesabiki kwa vidole. Kote huko kuna mtungi mwekundu ukutani, au panapaswa kuwa nao.

Wengi wanaoingia kazi hii hukosea mahali pamoja. Wanadhani biashara ni kuuza mtungi. Mtungi unauzwa hata kwenye duka la hadiwea, na anayeuza kwa bei ya chini leo atashindwa kesho na mwingine wa bei ya chini zaidi. Biashara ni kurudi. Ukimfanyia mtu sevisi, unabandika stika yenye tarehe ya leo na tarehe ya mwaka ujao. Hiyo tarehe ya pili umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, na ahadi ni deni. Wateja 50 wenye mitungi 6 kila mmoja ni mitungi 300. Igawanye kwa miezi 12: mitungi 25 kwa mwezi, kazi ya fundi mmoja na msaidizi wake, na kila mwaka inarudi yenyewe kama msimu wa mvua. Daftari la tarehe ndilo mtaji wako. Ulinde kuliko pikipiki.

Sheria nayo iko upande wako. Tangu mwaka 2007 Kenya ina Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto chini ya sheria za mahali pa kazi. Zinamtaka mwenye shughuli awe na vifaa vya kuzimia moto, afanye zoezi la kukimbia moto angalau mara moja kwa mwaka, na mahali pake pakaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya zimamoto. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na vifaa vya kuzimia moto vinavyofanya kazi viwe kwenye kila njia ya kutokea. Soma tena hayo maneno mawili: vinavyofanya kazi.

Mwongozo huo haukuandikwa bure. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Miaka mitatu kabla yake, wasichana 26 walikufa Bombolulu, kaunti ya Kwale ya leo. Na Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya msingi walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Sisemi mtungi mmoja ungewaokoa wote. Nasema kila bweni la Nyatike, la Suba na la Kasipul lina watoto waliolala usiku wa leo wakituamini sisi watu wazima. Gari la zimamoto hata likiondoka Migori mjini dakika ileile ya simu, haliwezi kufika Muhuru Bay kabla dari halijaanguka. Dakika za kwanza ni za walio pale pale, na kile kilicho ukutani.

Kwa hiyo jifunze kazi hii hadi iingie mkononi. Usianzie kwenye tenda. Nenda kwa fundi anayejaza mitungi, Kisumu au Kisii, umuombe akuchukue hata miezi sita ya kubeba na kufagia. Jifunze kwa nini unga husukumwa kwa naitrojeni na si kwa upepo wa kompresa ya kujazia matairi: upepo wetu umebeba unyevu, na unyevu ndio unaougandisha unga. Sisi tunaokaa na ziwa tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Jifunze kwamba mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna geji. Huupimi kwa macho, unaupima kwa mizani. Uzito wake mtupu umegongwa kwenye chuma chake, na gesi ikipungua zaidi ya sehemu ya kumi, mtungi unajazwa upya. Jifunze kuchungulia ndani ya mpira wake wa kupulizia, maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Na usiguse kichwa cha mtungi wowote wenye presha. Chuma hicho kikiruka hakichagui nani fundi nani mteja.

Kuna aina moja ya fundi ninayokuomba usiwe kamwe. Anafika shuleni saa nne, anapangusa vumbi, anabandua stika ya zamani na kubandika mpya, saa nne na nusu anaomba LPO, hati ya malipo yake. Hakufungua kitu, hakupima kitu. Huyo si fundi, ni mwizi, na anachoiba ni ile dakika ya kwanza ambayo matroni ataihitaji usiku wa manane. Wewe mwite mteja asimame karibu. Pindua mtungi mbele yake, mwekee mizani aisome mwenyewe. Mteja aliyeona kwa macho yake hatakutafutia mbadala kwa sababu ya shilingi mia.

Fundisha pia, hata kama hakuna anayekulipa kwa hilo. Niliwahi kuingia jikoni kwa mama mmoja muuza samaki pale ufukweni Homa Bay, karai la mafuta likichemka na ndoo ya maji iko pembeni "ya dharura."

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nakaanga ngege tangu hujazaliwa."

"Najua, mama. Samaki sikufundishi. Nataka tu nikuonyeshe mafuta yakishika moto."

Tukatoka nje uwanjani. Niliwasha mafuta kidogo kwenye kopo, nikafunga kikombe cha maji kwenye ncha ya mti mrefu, nikamwaga kutoka mbali. Moto uliruka juu ya vichwa vyetu. Nikawasha tena, nikafunika kopo kwa sahani ya bati, moto ukafa kimya kimya. Mama hakusema neno. Aliichukua ile ndoo akaipeleka mlango wa nyuma, kisha akaagiza mfuniko mkubwa wa karai. Wiki ile ile majirani zake watatu walinipigia simu.

Pesa? Itakuja, ila kwa mwendo wake. Shule hulipa zinapopata mgao wa serikali, na mgao huchelewa. Kituo cha mafuta na duka hulipa siku hiyo hiyo. Changanya wateja wa namna zote mbili, usije ukakwama katikati ya muhula bila hata nauli. Sajili biashara yako, pata PIN ya kodi, omba leseni ya kaunti, kisha ukishakuwa na mikono ya kazi jiandikishe AGPO, mpango wa zabuni za serikali: asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na usidharau wateja wa mbali. Mtungi wa shule ya Mfangano lazima upande boti kabla haujafika kwa fundi. Ukiwa wewe ndiye fundi aliyepanda boti kwenda kwao, kisiwa kizima kitakujua kwa jina.

Kesho asubuhi, kabla hujatafuta mtaji wala jina la kampuni, nenda kwenye shule iliyo karibu na kwenu. Msalimie mwalimu mkuu kwa heshima, mwombe akuruhusu uutazame mtungi mmoja tu mbele yake. Soma tarehe kwenye stika, kisha uupindue, mtege sikio wote wawili.