Kabla ya Kumhukumu Mama wa Mtoto Mgonjwa

Maradhi yaingiapo nyumbani huja pamoja na mahakama. Mtoto akishikwa na degedege, huyu husema mama alimtoa nje magharibi. Yule husema ni jicho la mtu. Wa tatu husema ni kadari ya Mungu, na kwa neno hilo hutaka kuyafunga mazungumzo. Swali letu ni hili: mwanadamu anapata wapi haki ya kusema kwamba jambo fulani ndilo lililomwuguza mwenzake?

Tuanze na huyo wa tatu, kwani neno lake ni la kweli, ila amelitumia pasipo mahali pake. Yapata mwaka wa 18 wa Hijra (639), Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh aliarifiwa kwamba tauni imeingia huko, akashauriana na masahaba, akakata shauri kurudi Madina. Abu Ubayda alipomwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja lina majani na la pili ni kavu. Popote awalishapo, ni kwa kadari. Basi kuamini kadari hakumzuii mtu kutafuta upande wenye majani. Kilichobaki ni kuujua.

Kuujua kuna adabu yake. Tauni kubwa ilipofika Andalusia mnamo 1348 na 1349, Lisanuddin Ibn al-Khatib, tabibu na waziri wa Gharnata, aliandika risala juu yake. Hakutosheka kuwatazama waliougua. Aliwatazama pia waliosalimika. Akaona kwamba waliochanganyika na wagonjwa, au wakavaa nguo zao, waliugua, na waliojitenga waliokoka. Hiyo ndiyo roho ya elimu ambayo wataalamu wa leo huiita epidemiolojia, yaani kuyachunguza maradhi katika umma mzima wa watu. Anayewatazama wagonjwa peke yao ni sawa na kadhi anayemsikiliza mdai akamfukuza mdaiwa.

Ukisema mtoto alishikwa kwa sababu alitolewa nje magharibi, hesabu kwanza ni wangapi waliotolewa magharibi ile ile wakalala salama, na wangapi walioshikwa hali walikuwa ndani. Hata ukiona tofauti, usifanye haraka. Huenda wanaotoka jioni ndio hao hao wasiokuwa na chandarua, nawe umeihukumu jioni kwa kosa la mbu.

Elimu hii imefanya kazi mlangoni petu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walipeleka vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Yombo, wilaya ya Bagamoyo. Hawakupima damu tu. Waliketi na watu wakawauliza. Walikuta kwamba wengi waliijua homa ya malaria, lakini degedege waliliweka kando, wakilihesabu kuwa ni la shetani mwenye sura ya ndege, na tiba yake iko kwa mganga. Walikuta pia kwamba chandarua huonekana cha lazima mbu wawapo wengi, na wakipungua huachwa, hali malaria ya pwani haina likizo. Na miongoni mwa watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo, vimelea vya malaria na upungufu wa damu vilipungua.

Tazama basi jinsi sababu zinavyosukana kama ukili. Uko uzi wa maumbile. Ndugu wawili hulala mkeka mmoja, wakaumwa na mbu wale wale, mmoja akazidiwa na mwenziwe akainuka. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu ana hifadhi zaidi mbele ya malaria. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua maradhi yake. Hapo hapana jicho la mtu. Uko uzi wa mwenendo: mvuvi alalaye dagoni bila ya chandarua, na familia inayobarizi nje mpaka usiku mkubwa. Na uko uzi wa hali ya maisha: nauli ya kufika hospitali, bei ya chandarua, nyumba ambayo ukuta wake haukufika paa.

Ili dhana isiingie, wataalamu wakati mwingine hupiga kura. Kati ya 2009 na 2014, Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwa na kituo Bagamoyo katika majaribio ya chanjo ya malaria yaliyochukua watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Kura ndiyo iliyoamua nani apate chanjo hiyo na nani apate nyingine. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa kiasi cha 36 kwa 100 katika muda wa miaka minne. Hawakusema imekwisha, walisema imepungua, na kwa kiasi gani. Huo ndio ushahidi wa mwadilifu.

Lakini hapa pana mtego. Asije mtu akaitupa lawama ya jicho akaokota lawama ya chandarua, akamwambia mama mfiwa: "Ungemfunika!" Je, alikuwa nacho? Nauli alikuwa nayo? Na yule mbu alizaliwa wapi? Pengine katika shimo nililochimba mimi udongo wa kukandikia nyumba yangu, nikaliacha likajaa maji ya mvua. Mbu hajui mpaka wa kiwanja. Qur'ani imetukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, ikatuonya kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Elimu ya sababu haikuja kutupa fimbo mpya ya kumpigia mgonjwa. Imekuja kutuonyesha sehemu yetu katika ugonjwa wake.

Basi jirani akiuguliwa, tupeleke nauli kabla ya maneno, kisha turudi tukafukie mashimo yetu. Wabillahi tawfiq.