Chumvi Katika Kopo la Bibi



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Palma na pakiti ya chumvi niliyoinunua Dar es Salaam. Chumvi tuliyoizoea ni kloridi ya sodiamu karibu yote. Katika hii, sehemu ya sodiamu imepunguzwa na mahali pake pametiwa potasiamu. Sodiamu ikizidi mwilini hupandisha presha, na potasiamu husaidia kuishusha. Bibi yangu ana presha, na chunguni mwake ng'onda haikosi. Nikaona nimepata dawa.

Nilijua nikimwambia atakataa. Basi asubuhi moja, yeye yuko kisimani, nikaimimina chumvi yake katika mfuko, nikauficha, na kopo nikalijaza chumvi yangu.

Mchana alionja mchuzi. "Mume wangu," akanitania, kama ilivyo kwetu baina ya bibi na mjukuu, "chumvi ya siku hizi ina uchungu." Nikacheka, nikanyamaza.

Usiku ndipo nilipoisoma pakiti kwa nyuma. Iliandikwa kwa herufi ndogo kwamba mwenye maradhi ya figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiitumie kabla ya kumwona daktari. Figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu, nayo ikirundikana katika damu huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Nikamuuliza mama mdogo. Akanijibu kwamba hospitalini walishasema figo za bibi zimechoka, ila hakutaka sisi wajukuu tujue.

Sikulala. Alfajiri, baada ya swala, nikarudisha chumvi yake na kumweleza yote. Alhamdulillah, hakudhurika. Lakini swali likabaki: je, kosa langu lilikuwa kutosoma pakiti tu? Kama figo zake zingekuwa nzima, ningekuwa nimetenda wema?

Nilijitetea kwa nia, kwa kuwa tumefundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Tena elimu ilikuwa upande wangu. Nchini China utafiti wa watu karibu 21,000 katika vijiji 600, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waliopewa chumvi ya aina hii walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani nalo likapendekeza watu wazima wanaotumia chumvi ya mezani wahamie kwenye chumvi ya namna hii, isipokuwa wajawazito na wenye matatizo ya figo.

Lakini nilipozitazama tena hoja zangu, zilinigeuka. Wale wa China waliambiwa, wakaridhia, na wenye maradhi makubwa ya figo waliwekwa kando. Iliwezekana kuwaweka kando kwa sababu waliulizwa. Mimi sikuuliza, kwa hiyo nilijinyima habari moja iliyokuwa muhimu kuliko zote. Mwenye mwili anajua mambo ya mwili wake ambayo kitabu hakiyajui.

Mwenzangu mmoja chuoni alinipinga. Alisema serikali zetu, ya Tanzania na ya Msumbiji, zimeamuru chumvi itiwe madini joto, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Ni kweli. Lakini amri hiyo ni sheria ya wazi, na pakiti inasema kilichomo. Anayetaka kuhoji ana pa kuanzia. Bibi angeanzia wapi, na kopo ni lake, chumvi si yake?

Mnakikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) na muuza nafaka. Aliingiza mkono katika rundo akakuta majimaji chini. Mfanyabiashara akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone. Lawama ilikuwa juu ya kuficha. Tumezoea kudhani ghishi ni kumficha mtu kitu kibaya ili tupate faida. Mimi nilificha kitu nilichokiamini kuwa kizuri, na faida sikutaka, lakini yule anayekula alikuwa katika giza lile lile.

Bibi hakunigombeza. Alisema, "Tulipokimbia Palma mwaka 2021, nilikula nilichopimiwa na wengine. Nimerudi kwangu, mjukuu wangu. Na kwangu pia nipimiwe?"

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimechukua. Lile kopo lilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mkono wake ulikuwa na amri navyo.

Tukakaa tukazungumza. Nikamweleza kwamba kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na kwamba ng'onda peke yake inabeba nyingi. Yeye mwenyewe akaamua: ng'onda italala majini usiku kucha na maji yatamwagwa, kijiko kitapungua, na ndimu na ukwaju vitaongezwa. Pakiti yangu nimerudi nayo chuoni, naitumia mimi.

Ndugu zangu, sisi tuliosoma tutarudi makwetu na mambo mengi mazuri mikononi. Afya ya wazee wetu ni amana, na hiari yao ni amana vilevile. Tuyaweke juu ya rundo, wayaone, kisha tuwasubiri waseme.

Wabillahi tawfiq.