Kaa Chini ya Majivu

Twazoea kudhani ya kuwa magomvi kazini huletwa na watu wabaya. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 15, mkaone. Waliogombana pale ni Paulo na Barnaba, watakatifu wote wawili. Tena Barnaba ndiye aliyempeleka Paulo kwa Mitume, wakati waamini wa Yerusalemu walipokuwa wakimwogopa. Ndiye aliyemfuata hata Tarso, wakafanye kazi pamoja Antiokia.

Ugomvi wao haukuzaliwa siku ile ulipolipuka. Nyuma yake, huko Perge ya Pamfilia, kijana Yohane Marko alikuwa amewaacha safarini, akarudi Yerusalemu. Luka hataji sababu. Wenzake wakaendelea; huko Listra Paulo alipigwa mawe. Hatusomi popote kwamba wawili hao walikaa chini wakalimaliza neno la Marko. Ilipokusudiwa safari ya pili, yapata mwaka 49 au 50, Barnaba alitaka kumchukua tena kijana yule, Paulo akakataa katakata. Paulo aliitazama kazi. Barnaba alimtazama mtu, naye ni jamaa yake. Nani kati yao alikosa? Mimi sithubutu kusema. Wakakasirikiana hata wakatengana: Barnaba na Marko wakasafiri kwenda Kupro, Paulo na Sila wakashika njia ya Siria.

Ndivyo ilivyo katika shule zetu, hospitali, vyama vya ushirika, naam, hata katika nyumba za mapadre. Mwalimu hakuja siku ya mitihani. Mwenzake akabeba kazi yote, akanyamaza. Kunyamaza huko twakuita uvumilivu, kumbe mara nyingi ni kuweka deni. Mwaka ukipita, hao wawili wanabishana juu ya ufunguo wa stoo, na mwalimu mkuu anashangaa kuona ufunguo umeleta machozi. Wakati huo kila mmoja amekwisha kujipatia wafuasi, na neno la ufunguo limegeuka kuwa neno la tabia, kisha la ukoo, kisha la kabila. Bwana wetu alitufundisha kumwendea kwanza aliyetukosea, wawili peke yetu. Sisi twawaendea wote, isipokuwa yeye.

Miaka mingi baadaye, Paulo akiwa kifungoni, alimwagiza Timoteo aje pamoja na Marko, kwa maana alimfaa katika kazi. Barua hiyo ni ya pili kwa Timoteo. Barnaba hatajwi humo.