Umeshindwa au Umekataa?

Mahakama za Marekani zina msemo wa zamani: aliyefungwa kwa kukaidi amri ya kulipa anabeba funguo za jela mfukoni mwake. Akilipa, anatoka. Mwizi wa kuku hata akirudisha kuku bado anafungwa. Huyu anaenda nyumbani jioni hiyo hiyo. Kwa hivyo, wanatuambia, si adhabu. Ni kusukumwa tu.

Mimi nakubali asukumwe. Matunzo baada ya talaka si sadaka. Kama mmoja aliacha kazi alee watoto ndio mwenzake asome na apande cheo, ile mshahara ya leo ina jasho la wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu korti kuamuru matunzo hayo, na haijasema mlipaji ni mume peke yake. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa unakataza kumfunga mtu kwa kushindwa tu kutimiza mkataba, lakini deni la ndoa si mkopo wa simu.

Shida iko kwa mfuko. Je, kuna funguo ndani kweli? Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliangalia kesi ya baba mmoja wa South Carolina aliyefungwa miezi 12 kwa malimbikizo ya matunzo ya mtoto. Hakuwa na wakili, na mama ya mtoto pia hakuwa naye. Jaji wa kule chini hakuamua kama jamaa alikuwa na uwezo wa kulipa. Mahakama ya Juu ikasema hapo haki ilikosekana. Huku kwetu, mwaka 2012, Mahakama Kuu ilisema jela ya madai yenyewe haivunji katiba, ila sheria inataka kwanza ionekane kwamba mdaiwa ana uwezo na amekataa, au anaficha mali.

Sasa nani ataonyesha? Dada yangu alidai miaka 3. Pikapu ya yule bwana iko kwa jina la mamake, ploti iko kwa jina la kaka. Kwenye karatasi ni maskini kuliko mimi. Halafu wakili akamweleza dada kwamba mtu akipelekwa jela ya madai, anayedai ndiye anayelipia chakula chake huko ndani. Dada akacheka mpaka akatoa machozi. "Yaani nimlishe tena?"

Ndiyo, amlishe, hadi miezi 6, na akitoka deni liko palepale ila hawezi kukamatwa tena kwa amri hiyo hiyo. Mwenye hela anaweza kuvumilia kuliko anayemdai. Fundi aliyekosa kazi tangu Januari, ambaye hajui hata kujieleza mbele ya hakimu, ndiye rahisi kushikwa.

Sheria inaruhusu mdaiwa aitwe na ahojiwe kuhusu mali yake. Ningetaka hilo liwe la kwanza, na la lazima, kabla mtu yeyote hajataja jela: alete taarifa za benki na za simu za mwaka mzima, aseme ni nani anayeweka mafuta kwa pikapu ya mama mzee ambaye hajawahi kushika usukani.