Kijana Aliyerudishwa Njiani

 

Ndugu zangu, juzi baada ya swala ya Isha kijana mmoja alinifuata hapo barazani. Alisubiri watu watawanyike, akakaa, akanionyesha simu yake. Ilikuwa barua ya kukataliwa, ya tatu tangu mwaka huu uanze. Aliomba jeshi, hakuchaguliwa. Aliomba chuo cha uuguzi, alama hazikutosha. Hii ya tatu ilikuwa kazi ya ghalani, na hata huko wamemwambia nafasi imejaa. Akaniambia, "Sheikh, sijui Mungu kaniumbia nini."

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, lile la Suratu Dhariyat, kwamba majini na watu wameumbwa ili wamwabudu Yeye. Nikalimeza. Kijana anayeswali Isha jamaa na moyo umemvunjika hivyo, aya hiyo anaijua na anaiishi. Kusudi analo. Alichokosa ni mlango wa kulitumikia: mikono yake aitie wapi, asubuhi aamkie nini.

Nikamuuliza, "Unatamani kuwa kama nani?" Akanifungulia video ya bwana mmoja tajiri, miwani usoni, ameegemea gari. Nikauliza alianzaje. Hajui. Aliwahi kufeli? Hajui. Gari ni lake au la kukodi? Hapo tukacheka wote wawili. Lakini nilirudi nyumbani na huzuni, maana kijana huyu amechagua kiigizo ambacho hawezi hata kukiuliza swali.

Sasa tazameni hekima ya Mola wetu. Makafiri wa Makka walikuwa na lalamiko lao juu ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), limetajwa katika Suratul Furqan: vipi huyu awe Mtume, naye anakula chakula na anakwenda sokoni? Walitaka mtu wa ajabu. Na katika Suratul Israa likaja jibu, kwa maana yake, kwamba lau ardhi hii ingekuwa inakaliwa na malaika wanaotembea kwa utulivu, basi wangeteremshiwa malaika awe mjumbe wao. Sisi ni watu, tukaletewa mtu. Mtu mwenye njaa, mwenye wake, aliyechunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira mdogo, aliyezika watoto wake. Kule sokoni walikokuona kuwa ni aibu ndiko tunakopata faida, kwa sababu nasi tunakwenda sokoni.

Basi nikamsimulia kijana yule habari za kijana mwenzake, Zaid bin Thabit (R.A.). Nanyi naomba mnivumilie, maana habari hii naipenda na huenda nikairefusha.

Zaid alikuwa yatima wa Madina. Mtume alipohamia huko, Zaid alikuwa na umri wa miaka 11, na tayari amehifadhi sura zaidi ya kumi. Ilipofika safari ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, naye alitaka kwenda. Akarudishwa kwa udogo wa umri. Hebu mfikirie mtoto wa miaka 13 anarudi mtaani peke yake, wakubwa wote wanaelekea kwenye siku ambayo itasimuliwa hadi Kiyama. Hakuna barua ya kukataliwa nzito kuliko hiyo.

Lakini Zaid alikuwa na kitu ambacho wengi wa wale waliokwenda Badr hawakuwa nacho: alishika haraka, na aliandika vizuri. Mtume akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa barua zao zilihitaji msomaji wa kuaminika. Imepokewa kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Akawa mwandishi wa barua, akawa mwandishi wa wahyi. Unashuka wahyi, anaitwa Zaid.

Kisha Mtume akafariki, na katika vita vya Yamama wakauawa wengi waliohifadhi Qurani. Sayyidna Umar akaingiwa na hofu, akamshauri Khalifa, Sayyidna Abubakar, Qurani ikusanywe. Ni nani akaitwa? Yuleyule, sasa ana takriban miaka 22. Na Khalifa alimtajia sababu za kumchagua: ni kijana, ana akili, hatuhumiwi kwa lolote, na alikuwa akimwandikia Mtume. Mimi huwa nawaambia wanaoandika wasifu wa kuombea kazi, someni maneno hayo mara mbili. Mambo manne tu, na uaminifu umo ndani. Zaid mwenyewe alisema kwamba kama angeamrishwa kuhamisha mlima usingemwelemea kama kazi ile. Akazunguka kukusanya kutoka kwenye makuti, kwenye mawe bapa na vifuani mwa watu. Mlango wa Badr ulifungwa mbele ya mtoto huyu, na leo hakuna msahafu unaoufungua usioguswa na kazi yake.

Kina mama na mabinti, msidhani habari hii ni ya wanaume. Kurasa zile zilizokusanywa, baada ya Abubakar na Umar kufariki, zilitunzwa na Bibi Hafsa binti Umar, mke wa Mtume, na kwake ndiko Sayyidna Uthman alikoziomba ili zinakiliwe. Na Bibi Hafsa alifundishwa kuandika na nani? Na Shifaa binti Abdullah, mwanamke wa Kikuraishi aliyejua kuandika wakati waandishi ni wa kuhesabu. Mwalimu mmoja wa kike na mwanafunzi wake, nyumbani, pengine hakuna aliyewatazama.

Mtasema hao ni masahaba, na sisi ni watu wa leo. Haya, tuje kwetu pwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kuifasiri Qurani kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1947 hajaimaliza. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyezaliwa 1912, alikuwa mwalimu wa skuli. Chaki mkononi, madaftari ya kusahihisha, mshahara wa mwezi. Pembeni ya ajira hiyo alikuwa akifasiri, sehemu baada ya sehemu, na mwaka 1969 tafsiri yake ikatoka kamili. Wengi wenu mnayo kabatini. Hakuacha ualimu ili aanze kutafuta kusudi lake. Alianza nalo akiwa bado mwalimu. Nasema hivi kwa sababu siku hizi vijana wanahimizwa kila upande waache kazi wafuate ndoto, na wanaowahimiza hawatawalipia kodi ya chumba.

Na kuna walio karibu zaidi ya hao. Hapo kwenye kona yuko fundi cherehani. Mnajua sifa ya mafundi wetu na nguo za Idd: kesho, kesho kutwa, njoo Alasiri, na Idd unaswali na kanzu ya mwaka jana. Huyu, ikifika tarehe 15 Ramadhani, anabandika karatasi mlangoni kwamba kazi za Idd zimejaa. Nimewaona watu wanamwongezea pesa mkononi na anazirudisha. Ana mapungufu yake, ulimi wake mkali na mimi mwenyewe keshanifokea. Lakini katika kutimiza ahadi, yeye ni ustadhi wangu. Wa kuigwa katika kila jambo ni mmoja tu, Mtume wetu. Waliobaki mchukue kila mtu kwa lile alilolishika vizuri: kwa huyu ahadi, kwa yule subira ya kukaa na mgonjwa, kwa mwingine hesabu za duka.

Sasa nina maneno na nyinyi wakubwa, maana vijana tumewalaumu vya kutosha. Mnalalamika kwamba wanawaiga watu wa kwenye simu. Wawaige kina nani, ikiwa nyinyi mkitoa salamu ya mwisho mnavaa viatu na kuondoka? Humu ndani kuna wauguzi, mafundi umeme, wahasibu, madereva wa masafa, wakulima, walimu waliostaafu. Kijana wangu wa juzi yuko humu, na kuna wengine kama yeye.

Leo baada ya swala naomba kila mwenye ujuzi wake akae barazani dakika kumi. Kijana, msogelee, muulize alianzaje. Na wewe mkubwa, ukiulizwa, cheo chako kiweke kando kwanza. Anza na mahali ulipokataliwa. Mimi yangu ni barua ya mwaka 1994, nimekuja nayo mfukoni.