Someni Kabla ya Kutia Saini

Wanangu, nimesikia mmechaguliwa kwenye kamati ya usimamizi ya kituo chetu cha afya, na baadhi yenu mmeshapita hapa kwangu kuniambia kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea. Mlisema kwa fahari, na fahari hiyo si mbaya. Ila mimi kauli hiyo nimeisikia mno. Nimeisikia kwa mjumbe ambaye hakufika kikaoni tangu masika mpaka kiangazi. Nimeisikia kwa mwenyekiti aliyeulizwa fedha za kukarabati choo cha wagonjwa zimekwenda wapi, akajibu, "Jamani, sisi tunajitolea tu," na mkutano wa kijiji ukamwonea huruma. Choo hakikukarabatiwa. Kwa hiyo kabla hamjaizoea kauli hiyo, nivumilieni kidogo mzee wenu. Mshahara hamlipwi, kweli. Lakini kudaiwa mnadaiwa.

Kamati hizi hazikushuka na mvua. Mwaka 1978, kwenye mkutano wa afya wa kule Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba wananchi wana haki ya kushiriki kupanga na kuendesha huduma zao za afya, na tena ni wajibu wao. Watu wanaikumbuka ile haki, wajibu wanauruka. Hapa Tanzania jambo lenyewe lilitufikia kwa njia ya mfuko. Uchangiaji wa gharama ulianza hospitalini mwaka 1993, Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga mwaka 1996, sheria yake ikatungwa mwaka 2001, na ikabidi apatikane mwananchi wa kuuliza fedha ya mwananchi mwenzake imefanya nini. Siku zile, kusema kweli, wa kumuuliza alikuwa mbali, maana fedha nyingi zilikaa halmashauri na mganga mfawidhi naye alikuwa mwombaji kama sisi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule wa wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Akaunti iko hapa, mpango unaandikwa hapa, na matumizi yanatakiwa yapite mikononi mwenu. Atakayewaambia kwamba hayo ni mambo ya wilayani anawasimulia habari za zamani.

Sasa dawa. Gari la Bohari ya Dawa likifika, dereva huwa na haraka. Ana vituo vingine mbele na barabara yetu mnaijua. Mtapigiwa simu mje kushuhudia mapokezi. Nimeona wajumbe wakitia saini juu ya boneti ya gari huku maboksi yangali na gundi yake. Msifanye hivyo. Fungueni. Hesabuni dawa mseto ya malaria pakiti kwa pakiti, mkilinganisha na hati iliyokuja na gari. Someni tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu dawa iliyobakiza miezi miwili, kwa kituo kidogo kama hiki, inaweza kuharibika kabla haijaisha. Kisha mwende mpaka stoo mwone mzigo ukiingizwa kwenye leja siku ileile, si kesho. Dereva atanuna. Mwacheni anune, mpeni maji ya kunywa.

Na Bohari ikikosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa Mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeteuliwa, kwa utaratibu ule ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Lakini kwanza iwepo karatasi ya Bohari inayosema dawa hiyo haipo. Iombeni muione kwa macho. Isipokuwepo, ulizeni kwa sauti ya kawaida tu kwa nini tumenunua nje kitu ambacho pengine Bohari inacho, kisha nyamazeni msubiri jibu. Wajumbe wengi wanauliza swali zuri halafu wanajijibu wenyewe kwa kuogopa ukimya.

Mkiwa hapo stoo, ingieni na chumba cha chanjo. Chanjo, pamoja na oksitosini, ile sindano ya kumzuia mama asitokwe na damu nyingi akishajifungua, hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kwenye friji kuna karatasi ya joto inayojazwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Isomeni taratibu, mstari kwa mstari. Mkikuta mwezi mzima ni 5, 5, 5, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata siku ile umeme ulipokatika toka alfajiri na kijiji kizima kikalala gizani, jueni karatasi hiyo imejazwa kwa mkupuo. Msikimbilie kumwita mtu mwongo. Mwulizeni mganga mfawidhi nani hushika zamu siku ya Jumapili, na je, ana ufunguo wa chumba? Mara nyingi jibu huwa dogo kuliko hasira mliyokuja nayo: ufunguo ni mmoja, na mwenye nao anakaa ng'ambo ya mto. Chongesheni wa pili. Fedha yake haifiki bei ya soda za kikao kimoja. Lakini msiondoke kabla jambo hilo halijaisha, kwa sababu mama atakayetokwa na damu wiki ijayo atachomwa sindano iliyotoka kwenye friji hiyohiyo.

Hapo kuna jambo ambalo wajumbe wapya hulipotosha. Hamkuchaguliwa kuwa polisi wa manesi. Nesi akitoa lugha chafu mkemeeni, na kwa utaratibu, kupitia kwa mganga mfawidhi ambaye ndiye katibu wenu. Ila mwulizeni pia analala wapi. Tumepoteza watumishi wazuri hapa kwa sababu ya nyumba inayovuja, na kamati ya wakati huo ilikaa mchana kutwa kujadili majibu yao ya mkato bila mjumbe hata mmoja kwenda kuitazama hiyo nyumba. Mtu aliyekesha peke yake na wajawazito wawili, mmoja akiwa amefika na uchungu wa siku nzima, asubuhi hana salamu ndefu. Mwombeeni mwenzake wa zamu. Andikeni barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, wekeni nakala kwenye faili, na mwezi ukiisha bila majibu andikeni nyingine mkitaja ile ya kwanza kwa tarehe.

Na daftari la wagonjwa si lenu. Mkilikuta limeachwa wazi, lifungeni. Kata hii kila mtu ni shemeji wa mtu. Habari ya nani anachukua dawa kliniki ya siku gani ikitoka kinywani mwa mjumbe, kesho yake watu watakwenda kutibiwa kata ya pili, na wengine hawatakwenda popote.

Vikao navijua vyote, kuanzia sala ya kufungua mpaka soda. Posho ikiwepo pokeeni, isipokuwepo msigome; sitaki kulisema zaidi hilo. Ninachotaka mkitazame ni agenda mbili. Ile ya "Yatokanayo na kikao kilichopita" wenyeviti huipita mbiombio, na ndiyo pekee inayoonyesha kama kamati ipo au haipo. Mlikubaliana paa la wodi ya wazazi lizibwe: limezibwa? Nani alipewa? Mpaka lini? Ile nyingine ni "Mengineyo". Hapo, jua likishazama na watu wameshasimama nusu, ndipo mtu hutoa bahasha na kuomba kamati "ibariki" malipo ya fundi. Malipo hayabarikiwi kwenye Mengineyo. Kama ujenzi ni wa fosi akaunti, yaani kituo kinanunua vifaa chenyewe na kumlipa fundi, basi mpewe makadirio, risiti na hati za mapokezi ya vifaa, na mjumbe mmoja aende akahesabu mifuko ya saruji ilipo. Mchuma janga hula na wa kwao: fundi ataondoka, diwani ataondoka, na wake zenu ndio watakaojifungulia ndani ya jengo lenye nyufa.

Kinachoniuma kuliko vyote ni yale yanayotokea dirishani, mgonjwa anapofika kutibiwa. Sera inasema wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mnajua, nami najua, kwamba mama bado anaambiwa aje na glavu, uzi na beseni. Mwingine alikuwa mkulima aliyeuza pamba yake akatoa shilingi 30,000 za CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, ili watu sita wa nyumba yake watibiwe mwaka mzima. Siku mtoto alipopata homa aliambiwa dawa imekwisha, akanunue duka la pale nje. Mtu huyo mwaka wa pili hakulipa, na majirani watano hawakulipa. Halafu tunakaa kulalamika kwamba wananchi hawana mwamko wa bima. Mwamko upo! Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023, na haitamletea mtu huyu faida yoyote kama stoo yetu ni tupu. Kwa hiyo fuatilieni dawa iliyoandikwa "imekwisha" iliisha tarehe gani, iliombwa tarehe gani, na, samahani kwa ukali huu, lile duka la pale nje ni la nani.

Sanduku la maoni nalo lipo, limepigiliwa karibu na mapokezi, kufuli lake limeota kutu. Tafuteni ufunguo. Lifunguliwe mbele ya kamati, karatasi zisomwe zote, hata zenye matusi. Nadhani mtakuta karatasi za miaka.

Mimi magoti hayanipeleki tena kwenye vikao, na muda wa wajumbe una ukomo wake; wa kwenu pia ukifika msiung'ang'anie, mwachieni mwingine faili zikiwa kamili. Kwa sasa ombi langu ni moja. Kikao chenu cha kwanza cha robo hii kikiitwa, fikeni mapema kabla ya saa iliyopangwa, ombeni leja ya stoo, karatasi ya friji na taarifa ya benki, mzisome wenyewe. Mkinyimwa, kikao kisifunguliwe mpaka zifike mezani.